Jioni Ndani ya Bato
Maneno ya mwanachama mmoja, zamani matelo, mbele ya mkutano wetu wa Kindu



Mumeniomba niseme juu ya vijana waliorudi, wale tuliowaweka kwenye balenyere ya chama. Kila mara watu wanauliza habari ya mzigo na mazuti. Mimi nitasema juu ya jioni.

Toka hapa mpaka Ubundu ni kilometa 300 hivi za maji. Kule bato inakoma sababu ya maporomoko, na reli ya kilometa 125 inaenda mpaka Kisangani. Mchana matelo hana shida ya kujua afanye nini: mmoja yuko mbele na fimbo anapima maji, mwingine anachota maji yaliyoingia ndani, mwingine anapika wali na sombe kwenye mbabula. Jua likizama tunafunga kamba kwenye mti, maana mchanga na miamba havionekani. Hapo tutakaa mpaka alfajiri, karibu masaa 12. Kijana wa miaka ishirini atayamaliza namna gani?

Sisi tulikuwa na dame. Tulichora kwa makaa juu ya kipande cha sanduku, kete ni vifuniko vya chupa, Primus upande huu, Skol upande ule. Kapiteni alikuwa anafungwa na mpishi, anakasirika kweli, abiria wanacheka. Radio ilikuwa moja, tunasikiliza rumba mpaka mawe yaishe nguvu, kesho yake tunayaanika juani. Katikati yetu, taa ya petroli.

Safari moja mwenye bato alikataa kutoa petroli. "Mulishakula, taa ya nini tena?" Mchezo ukafa. Wawili wakapanda kijijini kutafuta lutuku, wengine wakalala. Usiku kijana mmoja wa Alunguli alirudi peke yake, akakanyaga ubao wa kupandia gizani. Hakuna aliyekuwa macho. Asubuhi tulihesabu watu, tukarudia kuhesabu. Mwili tuliupata siku ya pili, huko chini. Mimi njo nilienda kumwambia mama yake.

Mabaharia wa bahari, kama wale wanaofika Matadi, wamewekewa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2006: masaa 10 ya kupumzika kila siku, fasi nzuri ya kulala, hata vitu vya kujifurahisha. Mkataba huo hauhesabu bato zinazotembea kwenye maji ya ndani tu. Sisi wa Lualaba hatumo.

Kwa hiyo naomba chama kinunue paneli ndogo ya jua na batri, balbu moja iwake usiku kucha pale kwenye ubao wa kupandia, radio, na jile ya kuokoa kwa kila kijana. Na zamu ya usiku iandikwe, isiwe maneno ya mdomo.

Mama mmoja aliniuliza jana kama pesa ya chama ni ya kuchezea. Mama, nakuheshimu. Lakini usiku ule, kama watu wanne wangekuwa wanabishana juu ya dame, wangesikia mtu akianguka majini.

Balenyere inashuka siku ya posho. Kura tuipige leo. Ubao wa dame nimeshauchonga, uko pale mlangoni, muuangalie mkitoka.