Kuitwa Siyo Kuulizwa Shauri
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Mwajua habari ya zamu mpya. Tuliitwa na wakubwa wa karakana saa nne asubuhi, ati tushauriane. Tulipotoka tukaikuta karatasi imekwisha kubandikwa ubaoni, na tarehe yake ni ya jana. Basi tuliitiwa nini? Chai ilikuwa nzuri, hatukatai.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa kuwa kazi zao hazihitajiwi tena, sharti akiarifu chama chao na ofisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na kiasi. Ni vyema, lakini kifungu hicho hakihusu zamu.

Tazameni Ujerumani. Huko, hata penye wafanyakazi watano tu, wanaweza kuchagua baraza lao. Na makarani na mainjinia wamo, siyo wachukuzi peke yao. Kwa sheria ya mwaka 1972, saa ya kuanza na ya kumaliza kazi haipangwi na mwajiri bila baraza kukubali. Wasipopatana, shauri huenda kwa kamati yenye watu wa pande zote mbili na mwenyekiti asiye wa upande wowote. Na mtu akifukuzwa kabla baraza halijasikizwa, kufukuzwa huko ni bure. Wakubwa wa huko hawakufilisika kwa hayo.

Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini tuna njia. Mapatano ya chama na mwajiri yakiisha kuandikishwa kortini hufunga pande zote mbili. Basi zamu na ziandikwe humo: karatasi tupewe siku 14 kabla ya mkutano, tuzisome na wenzetu, na meneja akikataa neno letu aandike sababu. Siku 14 si nyingi. Injini husubiri spea zaidi ya hizo.

Mazungumzo ya mapatano mapya yaanza mwezi ujao. Kila zamu itoe mtu mmoja wa kuandika maneno haya pamoja na katibu, majina yafike kabla ya Jumamosi. Wa usiku wasisahauliwe, maana hao ndio hubadilishiwa saa kwanza.