SUFURIA YA SHULE NI KAZI YETU PIA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lopur



Leo hatukuja kusema habari ya mishahara yetu peke yake. Tumekuja kusema habari ya sufuria ya shule, na ya yule anayesimama katika moshi wake kila siku.

Sisi sote twalijua jambo hili. Huku Turkana mtoto wengi hutoka nyumbani alfajiri bila kuonja kitu. Moto wa jikoni ukiwaka, darasa hujaa. Chakula kikiisha ghalani, hazipiti siku nyingi watoto wamerudi kwenye mifugo, au wamekwenda Kakuma mjini kutafuta vibarua. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano, nyumba nyingi zilipoteza mbuzi na ngamia. Ndipo tulipoona thamani ya sahani moja ya shule.

Chakula hiki hakikuanza jana. Mwaka 1980 Serikali na Shirika la Chakula Duniani walianza kuwapikia watoto wa nchi kame. Mwaka 2009 Serikali ikaanzisha mpango wa kuzipa shule fedha zinunue chakula karibu nazo. Lakini huku kwetu wakulima ni wachache, basi magunia ya Shirika yaliendelea kuja mpaka mwaka 2018, kazi yote ilipowekwa mikononi mwa Serikali.

Sasa tupige hesabu. Kipimo kilichozoewa ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Shule ya watoto 400 yahitaji basi kilo 60 za nafaka, kilo 16 za maharagwe na kilo 2 za mafuta kila siku. Mzazi aijuaye hesabu hii hadanganywi mlangoni pa ghala.

Lakini gunia halijipiki. Yatakiwa maji, kuni na mpishi, na kwa desturi vitu hivi vimeachiwa wazazi. Maji yakikosekana, maharagwe hulala ghalani. Mzazi aliyepoteza mifugo hana mchango wa kutoa. Basi mpishi hukaa miezi bila mshahara, au hupewa vibaba kutoka gunia la watoto. Hapo huumia wawili, mfanyakazi na mtoto. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mshahara ulipwe kwa fedha. Mpishi wa shule ni mfanyakazi kama dereva na fundi, na chama hakiwezi kumnyamazia.

Tena, mahindi na maharagwe hushibisha, lakini mwili wa mtoto wataka zaidi. Samaki wakavu wa Ziwa Turkana huuzwa Lodwar, na kunde humea penye maji kando ya mto Turkwel. Hata kidogo mara moja kwa juma chafaa. Na pale langoni, peremende na maji ya rangi yenye sukari humaliza shilingi ya mtoto bila kumpa nguvu. Hatusemi mama muuzaji afukuzwe. Twasema auze maziwa, mayai au karanga, nasi tumnunulie.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaweka wawakilishi sita wa wazazi katika halmashauri ya shule. Kwa hiyo twawaomba mambo matatu.

Kwanza, siku ya uchaguzi wa wazazi, tusikae nyumbani. Tugombee viti vile.

Pili, kila gunia liingialo na litokalo liandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila mwezi.

Tatu, tuidai Serikali maji ya shule na mshahara wa mpishi katika makadirio yake ya fedha, wala si kwa huruma ya mzazi maskini.

Ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anayekula leo ndiye fundi na mwalimu wa kesho. Moto wa jikoni usizimike mikononi mwetu.

Umoja ni nguvu.