Harufu Inayokula Zege
Mhadhara wa umma



Jioni hii nina hoja moja: harufu ya majitaka ni taarifa ya kihandisi. Tukiiona kuwa kero tu, tutanunua dawa za kuificha. Tukiisoma kama taarifa, itatuonyesha bomba linaloliwa kabla barabara haijatitia.

Tuanze ndani ya bomba. Sehemu inayozama majini hujengeka utando wa ute. Ndani ya ute huo oksijeni haifiki, na bakteria waliomo hutumia salfeti iliyo kwenye majitaka wakatoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Majitaka yakiwa ya moto, yakienda polepole au yakikaa sana kwenye bomba la kusukumwa kwa pampu, gesi huzidi. Miji ya pwani yetu ya Tanzania, yenye joto na ardhi tambarare, imo hatarini.

Gesi ikipanda, hukutana na dari ya bomba yenye unyevu. Huko huishi bakteria wa aina nyingine, ambao huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mwaka 1945, huko Melbourne, Australia, C. D. Parker alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa bakteria hao wamo kwenye zege lililoharibika. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Asidi hii huweza kuushusha uso wake hadi 2 au chini ya hapo. Saruji hugeuka jasi.

Kagua chemba ya zamani iliyoathirika. Juu ya usawa wa maji, ukuta umekuwa rojo jeupe linalokwanguka hata kwa kijiko. Kokoto zimechomoza, kwa kuwa saruji iliyozishika imekwisha. Karatasi ya kupimia asidi inageuka nyekundu papo hapo. Shuka kidogo, pale palipozama majini siku zote, zege bado ni gumu. Kinachokula zege ni asidi itokanayo na gesi, si maji; kwa hiyo mfuniko usiopitisha hewa humpa jirani nafuu, lakini gesi hubaki ndani ikiendelea kula.

Njia za kudhibiti zipo. Mteremko unaoyapa maji mwendo wa angalau mita 0.6 kwa sekunde huzuia tope kutuama. Chumvi za chuma huifunga salfaidi isitoke majini. Naitreti na oksijeni huinyima nafasi ya kutengenezwa. Hewa chafu huweza kuvutwa kwa feni na kupitishwa kwenye vichujio vyenye bakteria wanaoisafisha. Mabomba ya plastiki hayaliwi na asidi hii. Zote hizo zina gharama, na nyingi hushughulika na gesi wakati salfeti imekwishaingia bombani.

Salfeti hiyo hutoka wapi? Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walichapisha katika jarida la Science matokeo kutoka kusini mashariki mwa jimbo la Queensland, Australia: chanzo kikuu kilikuwa salfeti ya aluminiamu, jamii ya shabu, inayotiwa kwenye maji ya kunywa ili tope litulie. Mtambo wa majisafi ulichagua kemikali ya bei nafuu, na mabomba ya majitaka yakalipa tofauti. Zipo kemikali nyingine za kutuliza tope zisizo na salfeti. Bei yake ipimwe pamoja na gharama ya kufukua na kubadilisha bomba.

Tanzania tuna nafasi nzuri hapa, kwa sababu mamlaka za mijini hushughulikia majisafi na majitaka chini ya paa moja. Basi kabla ya kuagiza shehena nyingine ya kemikali, mhandisi wa majisafi akae meza moja na mwenzake wa majitaka, wapime salfeti na wapige hesabu moja.

Ombi langu la mwisho ni la uhai. Gesi hii ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni ya hewa, pua hufa ganzi. Harufu inatoweka, sumu inabaki. Pua si kipimo cha usalama. Asiingie mtu yeyote chemba bila kipima gesi, kamba ya uokoaji na mwenzake juu. Mamlaka isiyo na vifaa hivyo isimtume mfanyakazi chini.