BIBI TITI NA NYUMBA ZAKE
(Maneno aliyoyasema Mweka Hazina wetu siku ya kutimiza miaka kumi)



Nimepewa dakika kumi nimzungumzie mama mmoja wa nchi hii. Nimemchagua Bibi Titi Mohamed. Najua wapo watakaosema huyo ni wa Pwani, sisi Wabena anatuhusu nini? Subirini kidogo.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule hakusoma sana. Aliolewa akiwa binti mdogo, kwa mume aliyemzidi umri sana, akaachika akiwa na mtoto wa kike. Alichokuwa nacho ni sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, yeye hakuanza na hotuba za uwanjani. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, maana kule akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga: wana viongozi wao, wanachanga, wanazikana. Kwa miezi michache tu wakajiandikisha maelfu. Jamani, si ndivyo na sisi tulivyoanza? Tulikuwa watu wa kuchangiana misiba na harusi, ndipo tukasema hela hii tuiwekee daftari.

Baada ya Uhuru akawa kiongozi wa kwanza wa UWT, mbunge, na waziri mdogo. Mwaka 1965 akashindwa uchaguzi kule Rufiji. Hayo nayapita haraka.

Ninapotaka tukae ni mwaka 1967. Azimio la Arusha lilisema kiongozi asiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo. Akajiuzulu uongozi wa chama, nyumba hakuziachia. Wengi walimwona ana tamaa, na mimi shuleni nilifundishwa Azimio nikaliamini. Hata leo sisemi lilikosea kuwabana wakubwa. Lakini mwanamke aliyewahi kutolewa kwa mume na kanga zake anajua paa lake mwenyewe ni kitu gani. Hapo simlaumu.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais, akaishi kimya miaka mingi. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Ajabu ni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayosema mke anaweza kuwa na mali kwa jina lake, ilipita yeye akiwa gerezani.

Sasa mtaniuliza, kwa nini leo? Mnakumbuka kikao kile cha mwezi wa tatu. Mwenzetu mmoja alikopa, akauza viazi misimu miwili, akanunua kiwanja Makambako ajenge vyumba vya kupangisha. Akatuuliza aandike jina la nani. Nusu yetu tulimwambia aandike la baba watoto, asije akaonekana ana kiburi. Na mimi nilikuwa katika hiyo nusu. Nayasema haya mbele ya mgeni rasmi ili yaandikwe.

Yule mama hakubishana nasi. Alikwenda akaongea na mumewe jioni, mume akamwambia, hela ni yako, andika lako. Sisi ndio tuliokuwa tunaogopa.

Vyumba viwili vimeezekwa tayari. Cha tatu kinasubiri bati, na maombi yake ya mkopo ninayo hapa mkononi. Nitayasoma baada ya chakula.