Risiti Ikipotea, Haki Haipotei

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika)



Tuchukue mfano. Mjumbe ametumwa kununua cherehani ya kikundi cha akina mama. Baada ya wiki 2 inagoma kushona, na risiti haionekani. Muuzaji anasema, "Bila risiti hakuna kurudishiwa." Kamati inanyamaza, na fedha za mradi zimekwenda.

Tusinyamaze haraka hivyo. Risiti ni ushahidi wa haki, siyo haki yenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji aliyeuziwa bidhaa mbovu. Ushahidi mwingine upo: ujumbe wa malipo ya simu, taarifa ya benki, kadi ya dhamana, au mtu aliyeshuhudia. Mashine ya EFD nayo hutunza kumbukumbu za mauzo. Mtajieni muuzaji tarehe na kiasi, aangalie. Ila aliyebadili mawazo tu, bidhaa ikiwa nzima, anategemea hiari ya muuzaji.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na wengine. Kama duka liliandika jina na namba ya simu ya mjumbe wetu, anaweza kuomba kwa maandishi aelezwe kilichoandikwa. Jibu hilo laweza kuwa ushahidi kwamba alinunua pale.

Sheria hiyo humlinda hata wakati wa kurudishiwa fedha. Akiombwa kitambulisho, aulize kinatakiwa kwa kazi gani. Muuzaji achukue taarifa zinazohitajika tu, wala asizitumie kwa shughuli nyingine. Akianza kutumiwa matangazo, anayo haki ya kuyakataa. Nasi tusimkabidhi muuzaji orodha ya wanakikundi wote. Jina la aliyenunua linatosha.

Muuzaji akikaidi, malalamiko ya bidhaa mbovu yapelekwe Tume ya Ushindani, na ya taarifa binafsi yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hata hivyo, tuendelee kudai risiti kila tununuapo, maana sheria ya kodi inatutaka hivyo. Karatasi ya EFD hufifia upesi. Mhazini atoe kivuli siku hiyo hiyo na kukiweka kwenye faili.

Fedha ya cherehani ilitolewa ili akina mama washone. Tusiiache dukani.