SOKONI ULIZA MASWALI MAWILI

Chakula cha karibu na chakula cha kilimo hai si kitu kimoja

Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa akina mama na vijana mjini Dar es Salaam. Twaichapa kama ilivyosemwa.



Nimetakiwa niseme juu ya chakula tunachonunua. Hapana mtu humu ndani asiyehusika, maana hata yule asiyekanyaga sokoni hula kilicholetwa na aliyekwenda.

Siku hizi sokoni kuna neno linalouza kuliko mizani. Neno lenyewe ni "kienyeji". Mchuuzi akisema yai hili la kienyeji, bei yapanda papo hapo, na mnunuzi hulipa bila kuuliza zaidi. Lakini neno hilo lina maana gani? Kuku wa kienyeji ni jina la mbegu ya kuku, yaani kuku wa asili ya hapa kwetu. Halikuambii alilishwa nini wala kama alipewa dawa. Tena wako kuku chotara, kama Kuroiler na Sasso, walioletwa kwa sababu hukua upesi, nao wakichinjwa na kunyonyolewa ni vigumu mtu wa kawaida kuwatambua. Na akina mama wengi huamini kwamba kiini cha njano sana ni ushahidi. Si ushahidi hata kidogo. Rangi ya kiini hufuata chakula cha kuku. Majani au mahindi ya njano yatampa hata kuku wa kisasa kiini cha kupendeza.

Basi mimi nasema mnunuzi ana maswali mawili, wala asikubali jibu la moja litumike kwa yote mawili. La kwanza: kimetoka wapi? La pili: kimelimwaje? Mchuuzi mjanja hujibu la kwanza kwa sauti kubwa, nawe ukaondoka ukidhani umejibiwa na la pili.

Tuanze na kimetoka wapi. Chukueni kitunguu saumu. Mbulu hulimwa kitunguu saumu kizuri, chembe zake ndogo, ukali wake wa kutosha. Karibu yake kwenye meza ile ile kimelala kitunguu saumu cha China, kikubwa, cheupe, mizizi yake imenyolewa kwa kisu. Wengi wetu twachukua cha China kwa sababu kumenya kwake si kazi. Sikatazi mtu. Lakini ajue kwamba shilingi anayotoa kwa kile cha Mbulu, hata ikipita mkononi mwa mwenye lori na mwa dalali, mwisho wake huangukia shamba la nchi hii. Na ile nyingine yapanda meli. Chungwa la Muheza likijaa sokoni wakati wa kipupwe, bei hushuka na tunda lenyewe li katika utamu wake. Kununua kwa msimu ni faida ya mlaji kabla haijawa faida ya mtu mwingine.

Hata hapo lakini pana udanganyifu. Kila gunia mjini laitwa mchele wa Kyela. Kyela ni wilaya moja tu, ndugu zangu. Haiwezi kulisha kila duka lenye jina lake. Muulize mwenye duka gunia limeshuka kutoka lori la wapi. Mkweli atakutajia mahali, hata kama si Kyela, na mchele wa Shinyanga au wa Mbarali si aibu kwa mtu.

Sasa lile la pili, nalo ndilo gumu. Watu hudhani kwamba kilicholimwa karibu ni safi. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta ndani yake madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. (Nasema risasi ya madini, si ya bunduki, ingawa na hiyo ina madhara yake, hasa kwa ubongo wa mtoto.) Mboga hizo zilikuwa za karibu kuliko zote! Mtu angeweza kwenda shambani kwa miguu. Na kilichoingia ndani ya jani kupitia mizizi hakiondoki kwa kuoshwa.

Tutazame nyanya. Mkulima wa nyanya anapigana na mdudu aitwaye kantangaze, aliyeingia nchini mwetu katika miaka ya 2010, ambaye hula jani na tunda, na akikuta shamba halikulindwa huliacha kavu. Tena iko baka jani wakati wa mvua. Mkulima amekopa fedha ya mbegu na ya mbolea. Afanyeje? Hupiga dawa, akapiga tena, na mara nyingine huchanganya mbili au tatu katika bomba moja kwa kuwa amechoka kungoja. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuchuma. Lakini lori likifika leo na bei ni nzuri, nani atangoje? Nyanya hufika hapa na lile vumbi jeupe bado liko juu yake. Mara nyingi vumbi hilo ni dawa ya ukungu, na mojawapo ya dawa zinazoacha vumbi la namna hiyo ni mancozeb, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwezi Desemba 2020 kwamba kibali chake kisiendelee katika mashamba yao.

Nisieleweke kwamba namlaumu mkulima. Yeye ndiye wa kwanza kuumia, maana hubeba bomba mgongoni bila glavu wala kitambaa cha pua, na mkewe hufua nguo zile. Namwambia mnunuzi kwamba kuosha nyanya kwa maji mengi na kuisugua kunapunguza kilicho juu ya ganda, na yafaa kufanya hivyo kila siku. Lakini ziko dawa zinazopenya ndani ya mmea, na hizo beseni lako haliziwezi.

Basi kilimo hai ni nini? Wako wanaosema ni kulima bila dawa yoyote. Hapana. Mkulima wa kilimo hai haweki mbolea za chumvichumvi wala sumu za kiwandani. Hutumia samadi na mboji, hubadilisha mazao, na akishambuliwa na wadudu aweza kutumia mwarobaini, au pareto, lile ua linalolimwa katika nyanda zetu za juu. Tena si jambo la kuanza Jumatatu na kutangaza Ijumaa. Umoja wa Ulaya humtaka mwenye mazao ya msimu alime kwa kanuni hizo miaka 2 kabla ya kupanda zao litakalouzwa kwa jina hilo, na mwenye mazao ya kudumu kama kahawa miaka 3 kabla ya kuvuna.

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Kagera hutoa kahawa ya kilimo hai, Kyela hutoa kakao yake, Meatu hutoa pamba yake tangu miaka ya 1990. Mazao hayo hukaguliwa, huandikwa, hufungwa, yakaenda ng'ambo. Mkulima wetu ameonyesha kwamba kazi hiyo anaiweza. Mbona basi sisi tunakula ile nyanya yenye vumbi? Kwa sababu mnunuzi wa kule aliuliza akataka kuona karatasi, na sisi tumeridhika na neno "kienyeji".

Wala hatukosi chombo. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kanuni moja ya kilimo hai, na alama yake ni Kilimohai. Na kwa soko la nyumbani mkulima mdogo si lazima amlipe mkaguzi kutoka ng'ambo. Wakulima wa kikundi kimoja huweza kukaguana wenyewe: wanatembeleana mashambani, wanaandika kitabuni nani ameweka nini, na mnunuzi naye ana nafasi ya kwenda kutazama. Anayedanganya anawaharibia wenzake wote, kwa hiyo wenzake ndio askari wake. Mimi naupenda mpango huu kuliko muhuri wa ofisini, maana jirani huona bomba la dawa likipita usiku.

Mtaniambia ni ghali. Kweli, mara nyingi ni ghali zaidi, na mama mwenye watoto sita hawezi kununua kila kitu kwa bei hiyo. Asinunue kila kitu. Aanze na mboga za majani na nyanya, zinazoliwa kila siku na ganda lake. Nazi na ndizi, ambazo twatupa ganda, zaweza kungoja. Wala asidanganywe kwamba chakula cha kilimo hai huponya sukari au presha. Anayeuza kwa maneno hayo anauza uganga.

Nina ombo moja kwa mkutano. Nyumba moja ikienda kwa mkulima kuuliza, atacheka. Nyumba thelathini zikimwambia tutachukua mafungu yako kila Jumamosi, kwa bei tuliyopatana, mradi utuonyeshe shamba na kitabu, atasikiliza, maana hiyo ni fedha asiyohitaji kuihangaikia kwa dalali. Katibu ana daftari hapa mezani. Kila nyumba iandike mboga inayonunua kwa wiki na kiasi chake. Tuchague leo watu watatu wa kwenda kutafuta kikundi cha wakulima, na mmoja wao awe mtu aliyepata kulima, asiye rahisi kuonyeshwa kitalu cha mbele akasahau kutazama cha nyuma.

Maswali nitayajibu sasa, nikianza na yule mama wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja nyanya.