Tuzo ya Anayezuia: Somo Kutoka kwa Hasheem Thabeet

Mazungumzo kwa walimu wa michezo, makocha, wazazi na vijana wa kaunti



Mechi ya mpira wa vikapu inapokwisha, swali la kwanza uwanjani huwa lile lile: nani amefunga nyingi? Zawadi zikitolewa, mfungaji huitwa mbele, akapigiwa makofi na kupigwa picha. Yule aliyemkaba mshambuliaji hatari tangu mwanzo hadi mwisho huchukua mkoba wake na kwenda zake nyumbani. Kijana akiyaona hayo mara mbili tatu, huamua kwamba kukaba hakuna faida. Baada ya muda timu huanza kufungwa ovyo, na kila mtu hulaumu bahati.

Vyuo vikuu vya Marekani viliitambua kasoro hiyo. Msimu wa 1985-86, NCAA, linalosimamia michezo ya vyuo, lilianza kuhesabu rasmi mitupo inayozuiwa na mipira inayopokonywa katika mechi za wanaume. Mwaka 1987, chama cha makocha wa vikapu, NABC, kikaanza kumtuza mlinzi bora wa mwaka. Tuzo hiyo ilipewa jina la Henry Iba, kocha wa Oklahoma A&M aliyetwaa ubingwa wa taifa mwaka 1945 na 1946 kwa timu zilizosifika kwa ukabaji. Wa kwanza kuipata alikuwa Tommy Amaker wa Duke. Tangu 2018 kuna pia tuzo ya ulinzi yenye jina la James Naismith, mwalimu aliyebuni mchezo huu mwaka 1891. Wanawake nao wana tuzo zao za ulinzi, na Brittney Griner wa Baylor ni miongoni mwa waliotuzwa.

Katika orodha ya NABC limo jina la jirani. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliichezea Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alishinda tuzo hiyo mwaka 2008, akairudia 2009. Kimo chake ni zaidi ya mita 2.2, na katika misimu hiyo miwili alizuia wastani wa mitupo zaidi ya minne kila mechi. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, naye akashiriki na DeJuan Blair wa Pittsburgh heshima ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Mwaka huo huo Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Kimo pekee hakikutosha. Sheria hairuhusu mlinzi kuugusa mpira uliokwisha kuanza kushuka kuelekea kikapuni. Kwa hiyo mzuiaji lazima asome mkono wa mtupaji, aruke kwa wakati, tena bila kumgonga mwenzake. Akiruka mapema amedanganywa. Akichelewa, refa anapuliza kipenga.

Wala tuzo hii si ya warefu peke yao. Jevon Carter wa West Virginia, anayecheza nafasi ya nyuma akiuongoza mpira, aliishinda ya NABC mwaka 2017 na 2018 kwa kuwabana wapinzani tangu upande wao wa uwanja na kuwapokonya mpira. Shane Battier wa Duke, aliyeipata mara tatu kati ya 1999 na 2001, alijulikana kwa kuwahi mahali, akasimama imara, mpinzani akamgonga na kosa likawa la mpinzani. Kazi ya namna hiyo hutaka macho, miguu na moyo wa kukubali kuanguka.

Vijana wasikie pia upande wa pili. Tuzo ya chuo haikumhakikishia Thabeet njia nyoofu. Katika msimu wake wa kwanza wa NBA alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini ili apate nafasi ya kucheza, na baadaye akahama timu kadhaa. Ngazi mpya hudai mafunzo mapya. Hata hivyo, kuzuia ndiko kulikomtoa Dar es Salaam na kumfikisha alipofika.

Makocha na walimu hawahitaji mashine ya kuanzia. Daftari na kalamu vinatosha. Mwanafunzi mmoja akae kando ya uwanja, aandike mitupo iliyozuiwa, mipira iliyopokonywa, na mara ambazo mpinzani alilazimishwa kupoteza mpira. Hesabu hizo zisomwe baada ya mechi pamoja na za wafungaji. Mashindano ya shule na ya wadi yakitenga zawadi moja kwa mlinzi bora, hata ikiwa ni jozi ya viatu au cheti, kijana anayekaba atajua kwamba ameonekana.

Wazazi nao wabadilishe swali. Mtoto akirudi kutoka uwanjani, asiulizwe tu amefunga ngapi. Aulizwe pia amezuia ngapi. Usiposikia kilio, jua kuna mtu aliyekesha mlangoni.